Mdogo wangu hawezi kutumia mikono: je, ulimi unaweza kuendesha kompyuta?

Swali: "Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, mimi ni dada yake mkubwa. Mwaka juzi, msimu wa karafuu, tawi lilimvunjikia akaanguka mkarafuuni hapa Wete, Pemba. Shingo ilivunjika, kwenye karatasi za hospitali wameandika C5, yaani pingili ya tano ya shingo. Miguu haina habari, vidole vya mikono havifungi. Kichwa anageuza vizuri, mabega anapandisha, na mkono wa kushoto anaukunja kwenye kiwiko ila kuunyoosha hawezi, mpaka uanguke wenyewe. Kuongea anaongea kama zamani. Alikuwa anamalizia stashahada ya uhasibu. Tumeona video ya mtu anaendesha kompyuta na kiti cha magurudumu kwa ulimi. Kuna bwana anasema atatuunganisha na hospitali ya nje afanyiwe operesheni ya kuwekewa sumaku ulimini, jumla milioni 22, na wazee wameanza kutafuta mnunuzi wa shamba. Je, kitu hiki ni cha kweli? Hakitamzuia kusema? Na ataweza tena kufanya kazi ya hesabu?"

Jibu:

Dada, poleni nyumba nzima. Nianze na shamba, maana hilo haliwezi kusubiri nimalize maelezo: msiuze. Mlichokiona kwenye video ni cha kweli, lakini hakuna operesheni ya milioni 22 inayohitajika ili ulimi uendeshe kompyuta. Tena kwa mambo uliyoyaandika mwenyewe, mdogo wako huenda hahitaji hata huo ulimi.

Watu wengi huniuliza: mwili mzima umelala, ulimi umeponaje? Amri za mikono na miguu hushuka kutoka ubongoni kwa kupitia ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva iliyomo ndani ya pingili. Shingo ikivunjika na kamba ikaumia, viungo vinavyotegemea neva za chini ya jeraha hukosa amri. Ulimi haupitii njia hiyo. Una neva yake, ya mwisho katika zile jozi 12 za neva za kichwani, nayo huchomoza chini kabisa ya ubongo kabla shingo haijaanza. Ndiyo maana mdogo wako anatafuna, anameza, na bila shaka anawagombeza kama zamani. Zaidi ya hayo, eneo la ubongo linaloongoza ulimi na midomo ni kubwa, linashindana na lile la vidole, kwa hiyo ulimi unaweza kufanya miondoko midogo sana kwa uhakika. Wala hauchoki upesi. Mtu hukaa barazani akapiga soga kuanzia baada ya Isha mpaka usiku mkubwa, na wanaochoka ni wasikilizaji.

Watafiti waliliona hilo. Kifaa cha kwenye video yenu, kwa unavyokieleza, kinafanana sana na kile kilichobuniwa na Maysam Ghovanloo na wenzake katika chuo cha Georgia Tech, Atlanta, Marekani. Sumaku ndogo mfano wa punje ya dengu hukaa juu ya ulimi. Mtu huvaa kichwani kitu kama vipokea sauti, chenye mikono miwili inayofika karibu na mashavu, na kwenye mikono hiyo kuna vihisi vinavyopima nguvu ya sumaku. Nguvu ya sumaku hupungua haraka mno kadiri inavyokwenda mbali: umbali ukizidi mara mbili, nguvu inabaki kama sehemu moja ya nane. Kwa hiyo ulimi ukisogea milimita chache tu, kipimo cha kila kihisi kinabadilika waziwazi. Dunia nayo ni sumaku, na mtu akigeuka kwenye kiti vipimo vyote hubadilika. Lakini dunia huvigusa vihisi vyote kwa namna moja, ilhali sumaku ya ulimini hugusa kihisi hiki zaidi ya kile. Kompyuta inaondoa kilicho sawa kwa wote, inabaki na tofauti, nayo ndiyo ulimi.

Hapo ndipo mafunzo yanapoanza. Mtu anaambiwa gusa jino fulani la kushoto, shika hapo, rudi katikati; gusa la kulia; nenda shavuni. Anarudia mara kadhaa, na kompyuta inakariri sura ya vipimo vya kila sehemu. Amri zilikuwa sita: kushoto, kulia, juu, chini, kubofya mara moja na kubofya mara mbili. Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya majaribio yaliyohusisha watu 11 waliopooza mikono na miguu kwa kuumia uti wa mgongo. Ulimi ulilinganishwa na kifaa cha zamani cha kunyonya na kupuliza hewa kwenye mrija. Kwa ulimi walifanya kazi zilezile kwa kasi ya karibu mara tatu, bila makosa kuongezeka, ingawa zaidi ya nusu yao walikuwa wameutumia mrija kila siku kwa miaka. Kwa hiyo mtu akikwambia ulimi ni mchezo wa kwenye video, mwambie si kweli.

Sasa turudi kwa huyo bwana na operesheni yake. Mwanzoni watafiti walibandika sumaku kwa gundi ya kitabibu, lakini gundi haidumu kwenye mate. Wakahamia kwenye kipini cha titani, ulimi ukatobolewa kama pua inavyotobolewa kuvaa kipini, sumaku ikawekwa kwenye kichwa cha kipini. Hiyo ndiyo "operesheni" yote. Na wale 11 hawakuwa wateja. Walikuwa washiriki wa utafiti. Sumaku ikiwa ulimini bila vihisi vyake, bila programu yake na bila mtu wa kuifundisha, ni pambo tu. Muulize huyo bwana maswali matatu: kifaa cha kichwani kinatengenezwa na nani, kikiharibika anakirekebisha nani, na nani atakaa na mgonjwa wiki za mafunzo? Sina haja ya kumwita tapeli kabla hajajibu.

Kutoboa kwenyewe si dhambi, lakini kuna mambo yake. Ulimi huvimba siku za mwanzo, na kwa mtu ambaye misuli ya kifua imedhoofika na hawezi kukohoa kwa nguvu, uvimbe mdomoni si jambo la kupuuza. Kipini hukwangua meno na kusukuma ufizi. Kama bado anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, atavuja damu zaidi. Na mtu mwenye sumaku mwilini haingii kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, mpaka itolewe, sharti ambalo halina mzaha, na mtu aliyeumia uti wa mgongo anaweza kuihitaji mashine hiyo siku yoyote.

Kuna njia nyingine za ulimi. Denmark, katika Chuo Kikuu cha Aalborg, Lotte Struijk na wenzake walitengeneza kibao kinachovaliwa kwenye kaakaa, ndani yake mna koili, yaani vizingo vidogo vya waya. Kipande cha chuma kilichoko kwenye ncha ya ulimi kikipita juu ya koili fulani, kipimo chake cha umeme hubadilika na kompyuta inajua ni kitufe kipi. Hivi karibuni kampuni ya Augmental, iliyotokana na chuo cha MIT, imeleta MouthPad: kibao kinachochongwa kwa kipimo cha kinywa cha mwenyewe, ambacho ulimi hukipapasa kama kidole kinavyopapasa kile kibao cha kompyuta ya mpakato, na mawasiliano ni kwa Bluetooth. Hakuna kutoboa, hakuna sumaku. Mimi hiki kinanivutia kuliko vyote. Lakini fikiria maisha yake yakiwa Wete: kinataka kipimo cha meno, kinachajiwa, kinaoshwa, kinavaliwa na kuvuliwa kwa mkono wa mtu mwingine kila akitaka kula, na kikipasuka kinarudi Marekani.

Kuhusu kusema, hofu yako ina msingi, ila ilishafikiriwa. Tunapoongea, ulimi hupanda, hushuka, huenda mbele na nyuma, karibu yote hayo kwenye mstari wa katikati ya kinywa. Amri huwekwa pembeni, kwenye meno ya magego na mashavuni, mahali ambapo ulimi hauendi wakati wa maongezi. Tena kuna amri ya kukilaza kifaa. Mtu anakilaza, anakunywa uji wake, anapiga simu, kisha anakiamsha.

Nani basi anauhitaji ulimi hasa? Aliyevunjika juu kabisa ya shingo, C1 mpaka C3, ambaye kichwa hakigeuki au kinachoka baada ya dakika chache. Aliyefungwa vyuma shingoni hadi ikakakamaa. Na kwa wasomaji wengine wenye mgonjwa wa ALS, ule ugonjwa wa neva za mwendo: ulimi si njia ya kutegemea, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuudhoofisha ulimi wenyewe, na mara nyingine ni mapema. Kwao njia ni kuendesha kompyuta kwa macho.

Mdogo wako hayumo kwenye orodha hiyo. Barua kama yako naisoma mara mbili: kwanza nijue mtu amepoteza nini, halafu nijue amebakiwa na nini. Umeandika kwa kupita tu kwamba kichwa anageuza vizuri na kiwiko cha kushoto anakikunja. Dada, hivyo ni vitu viwili, na kompyuta inataka viwili tu: kitu cha kusogeza kishale na kitu cha kubofya.

Tuanze na kichwa. Simu yako ukiilaza upande, picha inageuka. Inajuaje? Ndani yake mna kipande cha silikoni kidogo mno kilichoning'inizwa kwenye springi za silikoni hiyohiyo. Dunia inakivuta, na simu inapima kimevutwa upande gani. Pembeni yake mna kihisi kingine kinachopima mzunguko, yaani unageuka kwa kasi gani. Vihisi hivyohivyo vikiwekwa kwenye miwani au kwenye kitambaa cha kichwa, mtu akitazama kulia kishale kinakwenda kulia, akiinamisha kichwa kinashuka. Vifaa vya namna hii vinauzwa, kama GlassOuse inayovaliwa kama miwani, au Quha Zono ya Finland. Vina kasoro yake: kihisi cha mzunguko hukusanya makosa madogomadogo, kishale kikaanza kutambaa chenyewe hata kichwa kikiwa kimetulia, kama ngalawa iliyotiwa nanga kwenye mchanga laini. Dawa yake ni kutulia kidogo kifaa kijipange upya. Na ndani ya gari havifai, maana kihisi hakijui kama kilichogeuka ni shingo au ni barabara.

Ila kabla ya kununua chochote, jaribuni kamera. Programu inayoitwa eViacam ni ya bure, inakwenda kwenye Windows na Linux, na inatumia kamera ya kawaida ya kompyuta kufuata uso na kugeuza mwendo wa kichwa kuwa mwendo wa kishale. Simu za Android kuanzia toleo la 12 zina mpangilio, kwenye sehemu ya ufikivu, unaozifanya zitii ishara za uso: kufungua mdomo, kutabasamu, kuinua nyusi. Kamera inahitaji kuona uso, kwa hiyo asikae kwa kulipa dirisha mgongo, uso utakuwa kiza. Mwanga utoke mbele yake. Umeme ukikatika usiku, kamera nayo imelala. Hapo miwani yenye kihisi inaishinda.

Kubofya sasa. Programu nyingi hubofya zenyewe kishale kikitulia mahali kwa sekunde moja hivi. Inasaidia, lakini inachosha: macho hayapati pa kupumzika, kila unapotua panabofywa. Watu wengi wanakata tamaa hapo, wakidhani shida ni shingo. Mdogo wako ana kiwiko. Kitufe kikubwa kifungwe pale ambapo mkono unapojikunja unakigusa, basi kichwa kinasogeza, kiwiko kinabofya. Fundi yeyote wa redio anayejua kuunga waya anaweza kufungua kipanya cha zamani, akatoa nyaya mbili za kitufe cha kushoto na kuziunga kwenye swichi kubwa. Nimewahi kutumia swichi ya kengele ya mlango.

Kiwiko hicho kina kazi nyingine pia. Mtu wa C5 akifungiwa kigango cha kushikilia kifundo cha mkono, na kwenye mshipi wa kiganja akachomekwa kijiti, anaweza kugonga vitufe vya kibodi kimojakimoja. Kwa kuwa kunyoosha hawezi, kibodi iwekwe mahali ambapo uzito wa mkono unaushusha wenyewe, na kukunja ndiko kunakouinua. Mpangilio wa Windows unaoruhusu kubonyeza Ctrl kwanza na herufi baadaye huwashwa kwa kubonyeza Shift mara tano. Kigango hiki hutengenezwa na mtaalamu akimpima yeye, si cha kununua dukani.

Maneno marefu asihangaike kuyagonga. Tangu 2017 mfumo wa Google wa kuandika kwa sauti unaelewa Kiswahili, na umesema kuongea anaongea. Barua aitamke, tarakimu azigonge. Tarakimu kwa sauti siziamini. Zimeshanitia aibu.

Sasa jambo ambalo halimo kwenye video yoyote. Miaka ya nyuma nilishinda wiki nzima nikibadilisha kasi ya kishale kwa kijana mmoja, nikaongeza, nikapunguza, nikabadilisha programu. Asubuhi anaandika vizuri, saa sita kishale kinaruka ovyo. Nililaumu kamera. Mama yake ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, si huyu anateleza?" Kweli, mto wa kiti ulikuwa umelala, nyonga zinateleza mbele kidogo kidogo, mgongo unapinda, na kufikia saa sita shingo ilikuwa inabeba kichwa kilichoinama badala ya kukigeuza. Tulibadilisha mto, programu ikawa "imepona". Kwa hiyo kabla ya kompyuta, tazameni anavyokaa: nyonga zimefika nyuma ya kiti, miguu ina pa kukanyaga, skrini iko usawa wa macho. Siku za kwanza dakika kumi zinatosha, kisha apumzike. Shingo nayo ni misuli na itauma kama mguu wa mtu aliyeanza kukimbia.

Yapo mambo ya kumwona daktari kwanza. Kabla ya mazoezi yoyote ya kichwa, aliyemtibu athibitishe kwamba mfupa umeunga na shingo imetulia. Kukaa kwenye kompyuta kusimpe vidonda vya mgandamizo: kila nusu saa ainamishwe pembeni au mbele damu ipite, na jioni mkague makalio na visigino. Halafu kuna moja la dharura. Kwa walioumia uti wa mgongo kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, na yeye ni mmojawapo, kichwa kikimgonga ghafla kwa maumivu makali, uso ukawa mwekundu au jasho likamtoka usoni na shingoni, juu ya usawa wa jeraha, presha imepanda kwa hatari. Mkalisheni wima, mlegeze nguo, mtazame mpira wa mkojo kama umejikunja au umeziba. Isipotulia mara moja, hospitali, usiku au mchana. Usiseme ni macho yamechoka kwa skrini.

Mtu mnayemtafuta anaitwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wapo wachache, lakini wapo. Hospitali ya KCMC, Moshi, ndiko wanakofundishwa, na hapohapo kuna TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na viti vya magurudumu. Dar es Salaam mna MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, na hospitali ya CCBRT. Safari ya boti na basi kwa watu watatu, na siku chache za kulala, haitafika hata sehemu ndogo ya hizo milioni 22. Mwende na karatasi zote, na video fupi ya simu ikimwonyesha anavyogeuza kichwa na kukunja kiwiko.

Umeuliza kama ataweza kazi ya hesabu. Kuandika atakuwa mwepesi kama konokono miezi ya mwanzo. Ukurasa ulioumaliza wewe kabla chai haijapoa utamchukua asubuhi nzima, na kuna siku misuli itakakamaa asifanye kitu. Lakini uhasibu si mashindano ya kuchapa. Majedwali hujijumlisha yenyewe, na kichwa kinachojua kwa nini vitabu havilingani hakikuumia alipoanguka. Chuo alichokuwa akisoma kiulizeni kama anaweza kumalizia masomo yaliyobaki kwa mpangilio maalumu. Sheria ya watu wenye ulemavu iko upande wenu, ila waandikieni, msiende kwa mdomo.

Wiki hii fanyeni mawili tu. Azimeni kompyuta yenye kamera, mweke eViacam, acheze nayo jioni mwanga ukiwa mzuri, hata kama ni kucheza karata. Na mpigeni picha moja akiwa amekaa, kutokea ubavuni, kuanzia kichwa hadi miguu. Nitumie picha hiyo, na uniambie alikaa dakika ngapi kabla ya kusema amechoka.